Koti la Mzee Watson

Iyula, Mbozi
Jumatatu, mchana, kahawa iko juani

Mwanangu Ambwene,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mkeo Aida na huyo mdogo aliye mgongoni kwake. Mimi mama yako ni mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda kilima cha kanisani, lakini kupanda linapanda, na nikifika juu naimba kuliko wenye magoti mazima yote mawili. Kahawa tumemaliza kuchuma, iliyoko kwenye vichanja ni ya mwisho. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Baridi ya mwaka huu ilitutesa, sasa imeondoka na tunangoja mvua. Je, ninyi huko Tunduma hamjambo? Vumbi la malori halijawamaliza? Kifua cha Aida kimepona? Na wewe tumbo lako limesimama au bado linakwenda mbele? Mara ya mwisho ulipokuja nilikuona ukishuka kwenye gari, tumbo likatangulia kushuka, wewe ukafuata.

Usishangae kuona barua. Najua utasema mama ana simu, anaandika barua kama watu wa zamani. Simu nimekupigia. Siku ukipokea unasema mama niko mpakani, nina wateja, halafu nakusikia unamwambia mtu mulishani mukwai, hiyo salamu ya Wazambia, kwa sauti tamu ambayo mimi niliyekuzaa sijaisikia mwaka mzima, na hapo simu inakufa. Karatasi haifi. Nimechukua kalamu ya Goodness na darasa langu la nne la zamani, nimekaa barazani. Herufi zangu unazijua, zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini zinasomeka. Barua hii nampa Sadoki, yule shemasi anayeleta parachichi huko kwenu, na nimemwambia akuwekee mkononi, asimwachie mtu dukani. Kaa chini uisome mpaka mwisho. Usiruke, kama ulivyokuwa ukiruka mistari ya kukariri ukidhani mwalimu amesinzia.

Mwanao Goodness hajambo. Tangu mlipomleta asome huku amerefuka, nguo zote zimemkimbia magotini. Shuleni anafanya vizuri. Mdomo anao. Walimu wananiambia Bibi Goodness, huyu mtoto anajibu. Nami nawaambia asipojibu mlimuuliza ya nini. Wanasema amenirithi mimi. Sikatai.

Sasa habari yenyewe. Nataka nikueleze jinsi watoto wa kanisa letu walivyotushinda sisi wazee wote mchana kweupe, na mimi nikiwepo, nikiona kwa macho yangu. Tangu niolewe hapa Iyula sijaona jambo kama lile, na nikifa leo nitakwenda nikicheka.

Unakikumbuka chumba cha watoto, kile cha matofali nyuma ya kanisa. Utakisahau vipi, wakati matofali yake ninyi ndio mliyabeba vichwani mkitoka mtoni, wewe na wenzako, kila Jumamosi, mpaka kikaisha. Hapo ndipo sande skuli imekaa miaka yote. Basi mwaka huu mwezi wa saba, wakati wa kuvuna mahindi, Mzee Watson akasimama kwenye matangazo. Yeye ndiye kiongozi wa wazee wa kanisa na funguo zote anazo yeye. Akasema chumba cha watoto kina ufa ukutani, ni hatari, kinaweza kuangukia watoto, kwa hiyo kinafungwa mpaka zipatikane fedha za kukitengeneza. Wote tukasema amina. Nani atakataa, amesema ukuta utaangukia watoto.

Watoto wakatolewa nje. Wakakaa kwenye mawe, upande ule wa kanisa usioona jua asubuhi. Wewe baridi ya Mbozi ya mwezi wa saba unaijua, au huko kwenye mabati ya moto umeshaisahau? Mwalimu wao, Tusekile, yule binti fundi cherehani, alikuwa anafundisha huku amejifunga khanga mbili na midomo yake inatetemeka kuliko ya watoto. Upepo ukivuma karatasi zinaruka, nusu ya somo ni kukimbiza karatasi. Kwanza wakaacha kuja wadogo, mama zao wakasema wanakohoa. Halafu wakaacha wakubwa, baba zao wakasema kama ni kukaa nje bure basi wakae nje wakichuma kahawa. Nakwambia Jumapili unapita unaona watoto wa Wakristo, wamebatizwa, wako kwenye mibuni na vikapu, na kengele ya kanisa inalia wanaisikia. Niliwasemesha wazazi wao njiani. Mmoja akaniambia ati Mama Ambwene, kahawa haingoji. Nikamwambia na mtoto naye hangoji akili yako.

Mwisho wa mwezi wa nane waliobaki wangeweza kukaa wote kwenye mkeka mmoja. Baraza la wazee likakaa. Likatoa neno kwamba sande skuli itaendelea mpaka Sikukuu ya Watoto, na ikishapita sikukuu itasimamishwa, watoto wakae na wazazi wao ibadani mpaka fedha za ufa zipatikane. Tusekile alikuja kwangu akalia jikoni mpaka moto ukazimika. Akasema ikisimama haitaanza tena, maana hata yeye atakuwa ameolewa na kuondoka, na hakuna mwingine anayeitaka kazi hiyo. Nikamwambia afute kamasi, sikukuu bado.

Mimi ule ufa sikuuamini. Nilikizunguka kile chumba nikautafuta kama mtu aliyedondosha sindano, nikaona ukuta umesimama kuliko Mzee Watson mwenyewe. Dirishani palikuwa pamezibwa na turubai kwa ndani. Lakini chini ya mlango walikuwa wanatoka panya. Ambwene, panya wale! Wanene, wanatembea polepole kama wajumbe wa mkutano. Nikasimama kwenye kikao cha akina mama na wazee, nikauliza Mzee Watson atueleze, hawa panya wanakula ufa? Watu walicheka mpaka mke wa mchungaji akajifunika uso na kitabu cha nyimbo. Mzee Watson akajibu kwamba kanisani hatujadili panya, tunajadili roho. Nikakaa. Lakini sikuacha kufikiri.

Ikafika Sikukuu ya Watoto. Desturi yetu hujaisahau, natumaini. Siku hiyo sisi wakubwa hatuna kazi, watoto ndio kanisa. Mtoto anagonga kengele, mtoto anaongoza liturujia, mtoto anahubiri, watoto wanakusanya sadaka, na wale wanaoshika nafasi za wazee wa kanisa wanavaa makoti ya wazee wenyewe. Kila mzee anavua koti lake mlangoni mbele ya watu, anamvika mtoto anayeshika kiti chake, halafu anakwenda kukaa kwenye benchi za nyuma na shati tu. Wewe ulivaa koti la marehemu baba yako mwaka ule, likaburuta mpaka chini ukajikwaa ukaangusha kapu la sadaka. Mwaka huu aliyechaguliwa kushika kiti cha kiongozi wa wazee ni Goodness. Kwa hiyo koti alilovaa ni la Mzee Watson.

Na siku hiyo tulikuwa na mgeni, Mkuu wa Jimbo. Mzee Watson kwa ajili ya mgeni alikuwa amepaka viatu mafuta hadi kamba. Alipofika mlangoni akavua lile koti la kijivu kwa madaha, akalikung'uta, akamvika Goodness, akamfunga na kifungo, akamwambia kwa sauti ili mgeni asikie kwamba leo mwanangu kanisa hili ni lako, na vyote vilivyomo ni vyako. Watu wakapiga makofi. Mgeni akafurahi. Mzee Watson akaenda nyuma anatabasamu. Furaha ile ikamsahaulisha kitu kimoja. Funguo zilikuwa mfukoni mwa koti.

Ibada ilikwenda vizuri mno. Hata waliokuwa wameacha kuja walikuja, maana siku ya watoto hakuna mzazi anayekubali mtoto wake asionekane. Brayan, mjukuu wa jirani yetu, ndiye alihubiri. Alitusema sisi wakubwa kwamba tunasinzia, akamnyooshea kidole babu yake hasa, babu yake akaamka. Goodness akatoa matangazo. Mikono ya koti ilikuwa inameza vidole, lakini sauti ilifika mpaka kwa waliosimama nje. Nikawaambia waliokaa karibu nami huyo ni wa kwangu, kama kuna ambaye hakuwa anajua.

Kisha tukatoka nje kwa mnada wa sadaka za mavuno. Kazi ya watoto ni kuvitoa vitu kule vinakotunzwa na kuvileta mezani, vinanadiwa, kila mtu ananunua anachotaka. Mwaka huu vitu vilikuwa vichache, aibu tupu. Kuku, maboga, mkungu wa ndizi, mayai kwenye sahani. Mgeni anatazama. Goodness naye anatazama, anaona ni haba, na yeye ndiye kiongozi wa wazee leo. Akatia mkono mfukoni, funguo zikalia. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alifikiri hivi: mwalimu Tusekile amewafundisha kuwa kinacholetwa nyumbani mwa Bwana ni cha Bwana, na Mzee Watson amesema vyote vilivyomo ni vyao, basi huenda kuna sadaka nyingine wazee wamesahau kuitoa. Akawaambia wenzake twendeni. Wakazunguka nyuma. Sisi tukadhani wamekwenda kujisaidia.

Tukasikia kelele, kelele za furaha. Halafu Brayan akaja mbio anapiga vigelegele kama mwanamke, anasema Mungu ametuletea mahindi, chumba kimejaa mpaka juu! Vijana wa kwaya wakakimbilia huko. Na gunia la kwanza likatokea kwenye kona ya kanisa, vijana wawili wamelishika na watoto wanalisukuma kwa nyuma, wachafu vumbi tupu, wanaimba. Likaja la pili. Likaja la tatu. Yakawa yanakuja tu. Watu wakasimama kwenye viti.

Nilimtafuta Mzee Watson. Alikuwa ameinuka nusu, hajasimama wala hajakaa, amejishika kifuani pale mfuko wa koti ulipopaswa kuwa, na koti halipo. Akatamka kitu kama subirini kwanza. Lakini Mkuu wa Jimbo alikuwa ameshasimama naye, anapiga makofi, anasema amezunguka sharika zote za jimbo hajapata kuona watoto waliokusanya mavuno kiasi hiki, na anamwomba mzee kiongozi aseme neno juu ya siri hii njema. Ambwene, watu wote wakageuka wakamtazama.  Mzee Watson akasema Bwana asifiwe, akakaa.

Na Goodness, huku koti linaburuta, akapanda juu ya gunia akaanza kunadi. Nani alimfundisha sijui. Akamwona baba mmoja anajikuna shingo akamwambia asante baba, umepandisha, nani mwingine. Akamwambia fundi baiskeli kwamba anaona anacheka tu, je, mkewe anajua kwamba nyumbani hakuna unga? Akamwambia mchungaji Ambilikile kwamba mchungaji asiyenunua atahubiri nini Jumapili ijayo. Watu walikuwa wanacheka na kununua, wananunua na kucheka. Hata waliokuja na pesa ya boga waliondoka na gunia, wengine wakachangiana wakagawana. Jua lilipoanza kushuka halikubaki gunia hata moja, na watu wote walikwenda kutazama chumba. Kitupu. Kuta zote nne safi, hakuna ufa hata wa kupitisha uzi. Mkuu wa Jimbo mwenyewe aliugonga ukuta kwa ngumi, akamtazama Mzee Watson. Watoto wakaingia wakaketi sakafuni palepale wakakataa kutoka. Tukawaimbia tukiwa nje, wao wakaitikia wakiwa ndani. Mimi nililia. Mara moja tu, usimwambie Aida.

Tangu siku hiyo sande skuli haikai kwenye mkeka mmoja. Wanajaa mpaka mlangoni, wanakuja hadi watoto wa kata ya Ruanda. Wale baba wa kahawa haingoji wanawaleta wenyewe kwa pikipiki. Ufunguo uko shingoni mwa Tusekile kwa kamba, analala nao. Baraza la wazee likafuta neno lake bila kuliandikia barua. Na Mzee Watson tangu siku hiyo hajalivaa lile koti, ingawa mke wake amelifua na kulipiga pasi.

Mchungaji Ambilikile mpole, lakini si mjinga. Alijua sadaka haifichwi nyuma ya turubai. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba fedha za mahindi yale amezifungia, hazijaguswa. Akasema mwenye mahindi yupo, na anamwita aje mbele ya kanisa aseme mwenyewe kwa kinywa chake, yalikuwa sadaka au hayakuwa sadaka. Kama hayakuwa, achukue fedha zake zote, hakuna atakayemtukana. Atamngoja mpaka Jumapili ya kwanza ya Majilio. Baada ya hapo fedha zitanunua madirisha na mabenchi ya chumba cha watoto. Watu wakatazamana. Hakusimama mtu.

Sasa nisogelee karibu, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa nakwenda.

Mzee Watson alikuja nyumbani wiki ile. Alikuja na shati tu, kofia mkononi, akakaa kwenye kigoda akakataa chai. Akazunguka na habari za mvua, na habari za bei ya mbolea, mwisho akasema Mama Ambwene, kuna jambo la mwanao. Nikamwambia asijisumbue. Nilijua tangu gunia la kwanza lilipotokea kwenye kona.

Magunia yale yalikuwa yako, Ambwene.

Ulidhani sitayajua? Mdomo wa gunia ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa bluu, mshono umekwenda, umerudi, ukafungwa pembeni kwa fundo lenye masikio mawili. Huo ni mshono wa marehemu baba yako. Aliubuni yeye ili gunia letu likiibiwa tulitambue sokoni, na katika Mbozi nzima hakuna mwingine anayeshona hivyo isipokuwa mimi, na wewe, kwa sababu mimi ndiye nilikushika vidole nikakufundisha kwa sindano ya gunia mpaka ukatoka damu. Nikalitazama fundo lile nikahisi kama mtu kaniita jina. Ningeweza kuinua mkono. Ningeweza kusema simamisheni, haya mahindi yana mwenyewe na ni mwanangu. Nilichofanya ni kupandisha bei. Sauti ya kwanza kwenye mnada ule ilikuwa ya mama yako, na gunia la kwanza nililinunua mimi. Sijutii hata kidogo. Nimelifungua, nimewapikia watoto wa sande skuli makande ya maharage, wamekula mpaka wakalegea.

Watson akanieleza yote. Kwamba ulinunua mahindi Ruanda kwa wakulima wakati wa mavuno, yakiwa rahisi, ukataka mahali pakavu pa kuyaweka mpaka mwezi wa kwanza, bei ya mpakani ipande, uwauzie Wazambia na wengine. Kwamba mliyaingiza mchana watu wakiwa mashambani. Kwamba yeye angepata fungu lake. Anasema wewe hukujua kama watoto watatolewa nje, alikuambia ni stoo isiyotumika. Pengine ni kweli. Lakini mwanangu, chumba kile huna haja ya kuambiwa na mtu. Ulikijua ni kikavu kwa sababu sakafu yake uliichanganya wewe. Hukuuliza watoto wanakaa wapi. Na mwanao mwenyewe alikuwa mmoja wao, kwenye mawe, na kaptula ya shule chini ya gauni kwa ajili ya baridi. Halafu tangu siku ya mnada simu yangu hupokei, na ukipokea unaikata. Nani amekufundisha kumkimbia mama? Mimi si polisi.

Kufanya biashara sikukatazi. Baba yako naye aliuza, nami niliuza, hata ada yako ya shule ilitoka kwenye mahindi. Lakini hatukuwahi kumwinua mtoto kwenye kiti chake ili gunia likae.

Goodness hajui. Sijamwambia, wala Watson hatamwambia, nimemtazama kwa lile jicho ulijualo. Ila nikueleze anachokifanya. Yeye na wenzake tangazo la mchungaji wamelielewa kwa namna moja tu. Wanaamini kuna mtu mwema alileta mahindi yake kimyakimya, akayaficha asisifiwe, na sasa anaona haya kusimama. Kila Jumapili kabla ya somo wanamwombea. Wanasema Bwana umbariki mwenye mahindi, umpe afya, umsaidie asiogope. Goodness ndiye anaongoza hiyo sala, kwa ile sauti yake. Na wametunga wimbo wa kumwimbia siku atakaposimama. Wanaufanyia mazoezi hapa uwanjani kwangu mpaka mbuzi wameujua.

Kwa hiyo mwanangu, unaombewa. Kila wiki, kwa sauti, na mwanao, bila yeye kujua anamwombea nani. Hakuna tajiri huko Tunduma mwenye kitu kama hicho.

Jumapili ya kwanza ya Majilio haiko mbali. Njoo. Panda gari Jumamosi, ulale hapa, uoge, uvae shati linalofunga tumboni. Ukitaka fedha zako, ni haki yako, utazichukua mbele ya watu na mimi nitakuwa nimekaa benchi la mbele sitafumba macho. Ukitaka kusema ni sadaka, utasema, lakini kwanza utasema ukweli wote, kwamba haikuwa sadaka mpaka siku hiyo unaposimama. Goodness ataumia, najua. Ataumia kidogo, halafu atakuwa na baba aliyesimama. Watson ameahidi kwamba ukisimama wewe naye atasimama, koti amelivaa. Nimemwambia asiposimama nitasimama badala yake, na mimi nikianza siachi.

Kitu kimoja tena, nimalize, jua linazunguka na kahawa inataka kugeuzwa. Siku ile watoto walipofagia chumba, chini ya magunia, pale unapoingia mlangoni, waliona unyayo sakafuni. Unyayo mdogo, vidole vyote vimekaa kwenye saruji. Wakaja kuniuliza ni wa nani. Nikawaambia ni wa kijana mmoja mkaidi aliyeambiwa asikanyage saruji mbichi akakanyaga, na nilimchapa, na fundi akataka kuufuta mimi nikamkatalia. Goodness akaniangalia, akajua. Akavua kiatu, akaweka mguu wake juu ya unyayo wako. Umemwenea sawasawa. Sasa kila Jumapili akiingia anakanyaga pale kwanza, kisha ndipo anaketi, na wenzake wamepanga mstari nao wanataka kukanyaga.

Wewe ukija hautakuenea, umenenepa hadi miguu. Lakini vua kiatu hivyohivyo, watoto wakuone.

Msalimie Aida, mwambie kifua asipuuze, anywe maji ya moto. Mbusu mdogo. Wasalimie majirani wema, wabaya waache. Goodness anawasalimu nyote, anauliza kama kiatu chake cha Krismasi kimeshanunuliwa, nimemwambia baba yake atakuja nacho mwenyewe. Mchungaji Ambilikile na Tusekile wanakusalimu. Nimewaambia utakuja, kwa hiyo usinifanye mwongo uzeeni.

Usiniletee sukari, ninayo. Njoo na nyundo, madirisha yale yatahitaji mtu wa kuyapigilia.

Ni mimi mama yako mzazi, ninayekuchapa na ninayekungoja,

Enesi
(Bibi Goodness)